Mtunza Taa wa Kasenyi

14 Mei

Tangu asubuhi watu wanakuja na taa. Kesho serikali inalifunga ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaana. Mkutano wa wavuvi wa Kasenyi, mwalo wetu wa kuegeshea mitumbwi karibu na mji wa Kigoma, umeamua kwamba mitumbwi ibaki mchangani, nyavu zibaki majumbani, lakini taa zote zikae nyumba moja. Mtu anaweza kuwa na wavu wa kufunika kanisa zima. Akiingia ziwani usiku bila taa ya kuwavuta dagaa, atarudi na maji matupu.

Nyumba waliyoichagua ni yangu. Mwenyekiti wetu, Oswald, alieleza sababu bila kuzungukazunguka.

"Tukiziweka kwangu, mtasema wanangu wanazitoa. Tukiziweka kwa Gervasi, shemeji zake wamejaa ufukwe mzima. Mwalimu Erasto hana ndugu hapa. Hana wa kumpendelea."

Wakapiga makofi. Nami nikapiga, kisha nikajiuliza nashangilia nini. Nimeishi hapa karibu miaka thelathini tangu nilipovuka kutoka Kongo na vita nyuma yangu. Nimewafundisha watoto wao kusoma. Mke wangu amelala katika udongo wao. Hana ndugu hapa. Sikuona pa kubishia.

Nikaapa mbele ya wote kwamba taa haitavuka ua wangu mpaka mwenyekiti aseme. Ufunguo nimeutia kamba, nimeuvaa shingoni.

16 Mei

Ng'ambo inaonekana. Mvua za mwisho zimeosha hewa, na milima ya Kongo imesimama karibu kana kwamba kuna aliyeisogeza. Kijiji nilikozaliwa kiko kaskazini zaidi, hakionekani kutoka hapa, lakini milima ni ileile. Huitazama kila asubuhi kabla ya chai. Kiangazi kikishika, moshi wa mashamba na vumbi vitaifunika.

20 Mei

Taa za siku hizi si karabai za mafuta. Ni balbu na betri, na betri ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa inakufa. Kwa hiyo nazitoa kwa zamu, naziunganisha na paneli za jua uani, jioni nazirudisha ndani. Kila mwenye taa ameitia alama yake. Ya Meshack, mtoto wa jirani yangu Verediana, imefungwa utepe mwekundu aliouchana kwenye kanga ya harusi yake na Edina.

Verediana alichungulia juu ya ua, akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Naona umekuwa mfugaji."

"Mfugaji wa nini, Mama Meshack?"

"Wa taa. Asubuhi unazipeleka malishoni, jioni unazirudisha zizini. Bado kuzikamua."

Yeye ni mkausha dagaa. Vichanja vyake sasa ni vitupu na kuku wamevigeuza pa kulala. Tangu nifiwe na mke huniletea sahani kila jioni, sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na ugali wa muhogo, na akinikuta nasoma huiweka juu ya kitabu ili nisijifanye sijaiona.

2 Juni

Ng'ambo inaonekana kwa shida. Betri zote nzima.

9 Juni

Amekuja bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, kijana anayeitwa Clinton, aliyehamishiwa huku kutoka Singida. Ni mpole na nguo zake zimepigwa pasi. Aliniamkia vizuri, akatazama taa, akaridhika. Alipokuwa anaondoka alirudi nyuma hatua chache.

"Mzee, hivi watu wa hapa wananichukia?"

"Wamekwisha kukutania?"

"Bado."

"Basi bado hawajaamua."

Alisema anakula peke yake kila siku, na kwamba hajui kuogelea. Nilimwambia hilo la pili asimwambie mtu.

21 Juni

Upepo wa kusini umeanza rasmi. Ziwa limekuwa jeupe kwa mawimbi kuanzia saa tano hadi jioni. Ng'ambo haionekani.

28 Juni

Mimba ya Edina imekuwa kubwa na inamtawala. Hataki kitu chochote isipokuwa mgebuka, samaki wa ziwa letu, mbichi, aliyevuliwa siku hiyo, wa kuchemsha na ndimu. Meshack alimletea sato wa Mwanza, aliyekuja Kigoma mjini kwenye barafu. Edina alimnusa tu, akakimbilia nyuma ya nyumba.

"Huyu samaki amesafiri kuliko mimi," alisema aliporudi.

Wote tulicheka. Meshack hakucheka.

4 Julai

Ng'ambo haionekani. Giza la mwezi limeingia, kipindi ambacho miaka mingine ziwa lingejaa taa kama mji. Mwaka huu ni jeusi tupu, na wanaume hukaa mchangani wakilitazama hivyo hivyo.

Meshack alikuja wakati naingiza betri.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba taa yangu."

"Marahaba. Ya nini?"

"Niingie mara moja, nimpatie Edina mgebuka wake. Hali kitu, Mwalimu. Tangu Jumapili anaishi kwa chai. Nitaenda mbali, hakuna atakayeiona. Alfajiri taa iko hapa."

"Nikikupa wewe, kesho anakuja Gervasi."

"Gervasi mke wake ana mimba?"

"Gervasi atakuwa na sababu yake, na itakuwa nzuri kama yako. Niliapa, mwanangu."

Meshack akaigusa taa yenye utepe mwekundu kwa kidole, kama anayempima mtoto homa. Kisha akasema bila kupaza sauti, "Ni rahisi kwako. Wewe ni mgeni. Ziwa likifungwa, likifunguliwa, wewe macho yako yako ng'ambo. Siku moja utavuka kurudi, utuache na kiapo chako."

Akaondoka. Nilifunga mlango nikaujaribu mara mbili.

Nimemfundisha huyu kijana kuandika jina lake. Alikuwa anageuza herufi S.

5 Julai

Sahani haikuja.

6 Julai

Haikuja.

13 Julai

Nilikutana na Verediana kisimani. Aliniamkia vizuri kabisa, kama anavyomwamkia Clinton.

22 Julai

Kufuli limechokonolewa. Kuna mikwaruzo mipya kwenye tundu la ufunguo, kama ya msumari. Ndani hakuna kilichoguswa. Sikumwambia mtu, lakini nilijua nani, na kwa saa kadhaa nilikuwa namsuta Meshack kichwani kwa sentensi nzuri sana. Nikipita ufukweni mazungumzo yanakatika. Nilipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi, miaka ile ya mwanzo, nilizoea kujua jambo limeharibika kwa jinsi watu wanavyoacha kuongea unapokaribia. Sikudhani nitaliona tena hapa.

Ng'ambo haionekani. Mwezi mpevu ulitoka mwekundu kwa moshi.

30 Julai

Upepo. Upepo. Bati la choo limeng'oka.

3 Agosti

Naandika asubuhi ya tarehe nne, lakini haya ni ya jana.

Umeme ulikatika mjini kote tangu saa kumi alasiri. Jua lilipozama, Edina aliingia uani kwangu bila kubisha hodi, mikono chini ya tumbo.

"Mwalimu, Meshack hajarudi."

Alitoka alfajiri na mtumbwi mdogo wa mama yake, kasia moja na ndoano, akaelekea kusini. Hakumwambia mtu; walimwona tu waliokwenda kisimani. Kwa kuwa nilimnyima taa ya kuvulia karibu usiku mmoja, alikwenda kutafuta mgebuka kwa ndoano mchana, mbali, ambako doria haifiki. Upepo ulianza kabla ya adhuhuri na ulikuwa mkali kuliko siku zote za msimu huu.

Nilishuka naye ufukweni. Wanaume walikuwa wamekusanyika, wakibishana.

"Tushushe mtumbwi tukamtafute," alisema mmoja.

"Wapi?" Gervasi akamjibu. "Unaona pua yako? Upepo unamleta nyumbani wenyewe. Shida ni kwamba haoni pa kuingilia. Atatupita, kisha ni mawe ya Bangwe. Akiyakwepa hayo, basi ni katikati ya ziwa."

Kulikuwa hakuna mwezi wala taa hata moja pwani yote. Mji mzima wa Kigoma ulikuwa umezimwa kama mshumaa. Oswald alikuwa msibani Kidahwe na simu yake haipatikani. Clinton naye alikuwa mjini.

Verediana alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini. Alinigeukia. Kwa mwezi mzima hakuwa amenitazama hivyo. Hakuniomba kitu. Nadhani hilo ndilo lililonishinda. Angeniomba, ningekuwa na la kumjibu.

Niliivuta kamba kutoka shingoni.

"Mwalimu, uliapa," alisema Gervasi. Hakunisema vibaya. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu anavyokwambia umeacha mlango wazi.

"Najua nilichoapa. Njooni mchukue taa."

Zilitoka zote. Kila mtu alichukua ya kwake, Verediana akachukua ile ya utepe mwekundu, na kwa muda mfupi ufukwe wote ukawa mweupe kama mchana. Walizipanga kwenye mstari ukingoni mwa maji, kutoka mitumbwi ya kwanza hadi ya mwisho. Wakaita. Upepo ukalirudisha jina la Meshack midomoni mwao. Hakuna aliyejibu.

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma kufunga ua kwa mazoea tu, ingawa ndani hapakubaki cha kufungia. Nilipogeuka nikauona ule mstari wa taa kutoka juu.

Niliwahi kuuona mstari kama ule. Mwaka tuliovuka, tulikuwa wengi kwenye boti, watoto wamefunikwa maturubai, na mke wangu akaona taa mbele. Tukalia kwa furaha, tukajua tumefika Tanzania. Nahodha akasema, "Nyamazeni, hao ni wavuvi." Zilikuwa taa za mitumbwi katikati ya ziwa; tukazipita, na giza likaanza upya. Nilimwuliza tutajuaje tukifika kweli. Akasema: maji hayana ghorofa. Ukiona taa zimekaa juu ya nyingine, hapo ndipo pana ardhi. Alfajiri tuliuona mji wa Kigoma hivyo, taa zimepandana mlimani.

Nilishuka mbio, kama kuna mbio katika umri huu.

"Zipandisheni!"

"Nini?"

"Akiziona zimepangwa hivi ataona wavuvi! Atadhani watu wameiba ziwa na doria inakuja. Atawakimbia! Zipandisheni juu, njia yote mpaka kanisani!"

Gervasi alinitazama sekunde moja, kisha akapiga yowe. "Yebaba we! Ni kweli! Juu! Juu jamani!"

Sijapata kuona watu wakipanda mteremko wa Kasenyi namna ile. Taa ziliwekwa kwenye mapaa ya nyumba, juu ya ukuta wa shule, kwenye vichanja vya dagaa vilivyogeuzwa ngazi, kwenye kila kipandio cha mlango wa kanisa. Verediana aliipeleka yake mpaka mnarani, akaiweka kando ya kengele. Edina alikaa mchangani na wanawake wawili wamemshika mabega, akitazama majini peke yake wakati sisi wengine wote tunatazama juu.

Tukangoja. Kazi iliyobaki ilikuwa hiyo, na ilikuwa nzito kuliko kupanda. Wimbi lilipiga, likarudi. Mtu alianza kuomba kwa Kiha, akaacha katikati. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu: kwamba ile taa ya utepe mwekundu ingetoka uani kwangu mwezi mmoja kabla, mtoto huyu angevua hapa karibu, akalala kitandani kwake. Na kwamba ningefanya vilevile tena, na kwamba nisingeweza kuishi nalo.

Edina ndiye aliyesikia kwanza. Alisimama akawasukuma wale wanawake. Kisha nasi tukasikia, mluzi, halafu sauti imekauka kabisa:

"Enyi watu wa nchi kavu!"

Waliingia majini na nguo zao wakamvuta yeye na mtumbwi pamoja. Viganja vilikuwa vimechunika. Mtumbwi ulikuwa umejaa maji nusu, na ndani yake, akielea, mgebuka mmoja.

"Niliona taa," alisema alipoweza kusema. "Nikasema, leo Kasenyi wameiba ziwa zima! Nikageuza niwakwepe, nisikamatwe nao. Nikatazama tena, naona zinapanda. Nikasema hakuna mvuvi anayepanda hewani."

Edina alimchukua yule mgebuka kwa mkia, akampiga naye Meshack kifuani, mara mbili, kwa nguvu. Kisha akakaa chini akalia.

Baadaye ndipo hofu nyingine ilipoanza. Mwezi hakuna, doria hakuna, mwenyekiti hayupo, na kila mvuvi wa Kasenyi ana taa mkononi, betri zimejaa kwa juhudi yangu mwenyewe. Nilikwenda kukaa kizingitini. Sikuwa na haki wala uso wa kumkumbusha mtu kiapo.

Gervasi alikuja wa kwanza. Aliiweka taa yake mahali pake, akaguna, akaniambia usiku mwema. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kuulizwa. Ilipungua moja tu. Asubuhi hii Verediana ameileta kutoka mnarani, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na sahani.

6 Agosti

Mkutano. Oswald amerudi, na uso wake haukuwa mzuri. Clinton alikaa kando yake na daftari ambalo hakulifungua.

"Alikuwa ziwani anafanya nini?" aliuliza Clinton.

Verediana akamjibu: "Alikwenda kutembea."

"Na ndoano?"

"Kwetu mtu hatembei mikono mitupu, bwana samaki. Singida mnatembeaje?"

Watu wakaangua kicheko, na Clinton, baada ya kupigana nacho kidogo, akacheka pia. Alitaifisha ndoano. Meshack atafagia mwalo kila asubuhi mpaka ziwa lifunguliwe.

Kisha Oswald akanigeukia. Kwanza alikiri jambo: lile kufuli alilichokonoa yeye, kwa msumari, apate kujua kama ni imara. Nilimtazama Meshack, nikatazama chini.

"Mwalimu," alisema Oswald, "hakuna anayekulaumu. Ningekuwapo ningesema zitoe. Lakini tulikupa ufunguo kwa sababu huna ndugu hapa. Sasa sote tumeona. Mtu akivunja kiapo mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya mtoto wa jirani, huyo ana ndugu. Na mwenye ndugu hawezi kushika taa. Ndiyo desturi tuliyojiwekea."

Nilitaka kusema kitu chenye mpangilio. Nimesoma vitabu vingi. Nilivua kamba, nikamkabidhi.

"Apewe nani basi?" aliuliza mtu.

Verediana akanyoosha kidole. "Si huyo hapo? Kutoka hapa hadi Mwandiga hana hata binamu."

Clinton akavishwa ufunguo. Aliniangalia kwa jicho la kuuliza, nami nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ndiyo: sasa wameanza kukutania.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa, na mwezi unakaribia kuwa mpevu, kwa hiyo taa hazifai kitu. Wavuvi wanaisema serikali kwa furaha kubwa.

27 Agosti

Giza limerudi, na usiku wa kuamkia leo ziwa lilijaa taa hadi mbali. Alfajiri dagaa walishuka kwa ndoo na ndoo. Verediana hakunibishia hodi; aliita tu juu ya ua, "Mwalimu, vitabu vitakungoja, hawa hawangoji," nami nikaenda. Kutwa nzima nimewageuza dagaa juani, mgongo umeisha, mikono inanuka mpaka viwikoni. Meshack anasema nawageuza kama mtu anayesahihisha madaftari.

Jioni tulikula wote nyumbani kwao. Edina, ambaye sasa hawezi kuinama, alikuwa ananimiminia maji ya kunawa.

"Umeiona milima ya kwenu leo, baba?" alisema. "Upepo uligeuka asubuhi ukafagia moshi wote. Ilikuwa wazi kabisa, mpaka mabonde yanaonekana. Saa hii imeshajifunika tena."

Nilimwambia sikuiona. Nilikuwa nimeipa mgongo tangu asubuhi, nikigeuza dagaa.